Mbuzi wa chungu wa Champaran: pika pamoja na marafiki wa zamani

Chakula kingi cha wageni humfunga mwenyeji jikoni. Wenzake wako barazani wanacheka, yeye yuko ndani anakaanga, anachungulia sufuria, anafuta jasho. Akija kukaa, watu wameshaanza kutazama saa. Kwa wageni wa kawaida si neno. Kwa watu mliosoma pamoja, mkagawana chumba na sabuni, kisha maisha yakawatawanya, ni hasara kubwa, kwa sababu hawakufuata kula. Wamefuata kukaa na wewe.

Ndiyo maana nikikutana na wenzangu wa zamani napika mbuzi wa chungu kwa mtindo wa Champaran. Kila kitu kinaingia chunguni kwa mara moja: nyama, vitunguu, viungo, mafuta. Kifuniko kinazibwa kwa unga uliokandwa, na kwa saa mbili na zaidi hakuna ruhusa ya kufunua. Kazi inayobaki ni kuangalia moto na kukitikisa chungu mara kwa mara. Mpishi na wageni wote wanakaa kando ya jiko, na mazungumzo yanapata nafasi yake. Basi sharti langu la kwanza ni hili: waalike wakati wa kuinjika chungu, si wakati wa kupakua.

Champaran iko pembe ya kaskazini-magharibi ya jimbo la Bihar, mashariki mwa India, mpakani na Nepal. Waliosoma historia wanalikumbuka jina hilo kwa sababu ya mwaka 1917, Gandhi alipokwenda kusimama na wakulima waliolazimishwa kulima nili. Chakula chake hatukukipata huku kwetu kwa njia ya zamani, kwa kuwa Wahindi wengi waliohamia Afrika Mashariki walitoka Gujarat, Kutch na Punjab, na mapishi tuliyorithi kwao ni ya huko. Bihar wanapika kwa mafuta ya haradali, wanapenda pilipili, na kwenye mbuzi huyu hawatii nyanya. Sikukuu ya Holi, ambayo mara nyingi huangukia Machi, nyumba nyingi za Bihar hunukia nyama ya mbuzi, na miaka ya karibuni mtindo huu wa chungu umeenea Patna, Delhi na miji mingine, vyungu vikiwa vimepangwa kwa safu juu ya makaa.

Kwetu vifaa vyote tunavyo. Chungu tunacho, kibia tunacho, jiko la mkaa tunalo.

Kabla ya siku yenyewe: watu, mchango, chungu

Waulize watu mambo mawili. Nani ana vidonda vya tumbo au presha, na nani siku hizi hali nyama. Marafiki wa zamani wana tabia ya kudhani mwili wa mwenzao bado ni ule wa bwenini, aliyekuwa akila pilipili mbichi kama karanga. Wengine wameshakatazwa na daktari na wanaona haya kusema mbele ya kundi. Mpigie kila mmoja peke yake. Asiyeweza pilipili, mtengee vipande vyake na umpikie sufuria ndogo yenye viungo vyote isipokuwa pilipili. Usimwambie achague asichokiweza ndani ya rojo jekundu.

Mchango usiuonee aibu. Nyama ya mbuzi ni ghali, na watu wazima wanapenda kuwa na sehemu yao. Mmoja alete nyama, mwingine mkaa na vitunguu, mwingine mchele, wewe utoe viungo, mafuta na uwanja.

Chungu kiwe cha udongo, kisichopakwa rangi wala vanishi ndani, cha kutosha lita nane hivi kwa kilo mbili za nyama, kwa kuwa kikijaa kupita theluthi mbili hakitikisiki. Tanzania vyungu vizuri vya kupikia vinatoka kwa wafinyanzi wa Kikisi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, vinauzwa maeneo ya Matema na kusafirishwa mbali. Lakini karibu kila mkoa una wafinyanzi wake, na mama anayeuza vyungu sokoni atakuambia kipi ni cha maji na kipi ni cha moto. Muulize. Cha maji hakivumilii makaa.

Chungu kipya kiloweke kwenye maji usiku kucha. Kesho yake kikaushe, kipake mafuta ndani, tia uji mwepesi au maji ya kuoshea mchele, uchemshe kwa moto mdogo nusu saa, umwage. Vitundu vya udongo vinaziba na harufu ya vumbi inatoka. Ukiruka hatua hii, mchuzi wako utakuwa na ladha ya tope na chungu kinaweza kuvuja.

Nyama

Hapa usibane matumizi. Bihar wanapendelea mbuzi dume aliyehasiwa, mwenye mafuta kiasi na asiye na harufu ya beberu. Mwambie muuza nyama unataka bega, paja, mbavu na shingo kwa mchanganyiko, pamoja na mifupa mirefu miwili mitatu yenye uboho. Akate kwa panga kali au msumeno, si kwa kuponda, maana vipande vidogo vya mfupa vinavyovunjika vitakaa kwenye rojo na kumchoma mtu ulimi. Ukubwa wa kipande uwe kama kiberiti, au zaidi kidogo. Vipande vidogo vitapukutika kabla mifupa haijatoa utamu wake.

Nyama isiyo na mfupa usiilete kwenye chungu hiki. Uzito wa rojo unatokana na mifupa, kano na ngozi nyembamba zinazoshikilia misuli. Zikipata moto mdogo kwa muda mrefu zinayeyuka na kuwa ute, na ute huo ndio unaoufanya mchuzi ushike kwenye wali bila unga wala nyanya ya kopo. Zikipewa moto mkali nyama inajikaza, inatoa maji yake yote, na hata ukiipika saa tatu utatafuna kamba.

Osha nyama mapema, iachwe kwenye chujio mpaka ikauke kabisa. Maji ya kuoshea ni adui wa pishi hili, maana haliongezwi maji hata tone.

Vipimo vya watu sita mpaka wanane

Nyama ya mbuzi kilo 2. Vitunguu maji kilo 1. Vitunguu saumu vichwa vizima, idadi ifuate idadi ya watu, na vichwa 2 zaidi vya kutwanga. Tangawizi kipande kinene cha urefu wa kidole. Mafuta ya haradali mililita 300. Samli vijiko vikubwa 2. Mtindi mzito usio na sukari, nusu kikombe.

Viungo vya unga: giligilani vijiko vikubwa 3, pilipili nyekundu ya Kashmiri (yenye rangi zaidi kuliko ukali) vijiko vikubwa 2, pilipili kali kijiko 1 cha chai, manjano vijiko 2 vya chai.

Viungo vizima vya kuparaza: bizari nyembamba kijiko kikubwa 1, shamari vijiko 2 vya chai, pilipili manga kijiko kikubwa 1, iliki za kijani 8, karafuu 10, mdalasini kijiti 1, basibasi kipande kidogo.

Vya kutia vizima bila kutwanga: pilipili kavu nyekundu 10, iliki kubwa nyeusi 3, mdalasini kijiti kingine, majani makavu ya mdalasini 4. Wahindi wanatumia majani ya jamaa wa mdalasini. Zanzibar na Pemba majani ya mdalasini mnayo bure uani, na yanafaa.

Chumvi vijiko 4 vya chai vilivyosawazishwa. Itaonekana kidogo. Iache hivyo hivyo, kwa sababu hutaonja mpaka mwisho, na iliyopungua inaongezeka wakati iliyozidi haitoki.

Wapishi wanagawanyika juu ya mtindi. Wapo wasioutia kabisa. Mimi natia kidogo kwa kuwa unalainisha mbuzi mzee, na ukienda sokoni Jumamosi umri wa mbuzi ni jambo la kusadiki tu. Juu ya nyanya sina huruma: usitie. Rangi nyekundu inatoka kwenye pilipili na mafuta, na uchachu wa nyanya unaufanya mchuzi huu uwe mchuzi wa kila siku.

Mafuta ya haradali

Mafuta haya yana ukali unaopanda puani na kutoa machozi. Yatie kwenye sufuria kavu, moto wa wastani, usiondoke. Yataanza kuwa mepesi, umanjano wake utafifia, kisha moshi mwembamba utapanda. Hapo hapo zima moto, yaache yapoe kabisa. Ukali umeondoka, umebaki ukakasi kidogo na harufu ya pekee ambayo ndiyo alama ya jikoni mwa Bihar.

Miji yenye maduka ya Kihindi, kama Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala, ndiyo ya kuyatafutia. Walioko Marekani na Ulaya watakuta chupa nyingi zimeandikwa kwamba ni za kujipaka tu, kwa sababu ya asidi ya eruki iliyomo, ambayo mamlaka za huko zinaiwekea mipaka. Kama hilo linakutia wasiwasi, tumia mafuta ya alizeti na utwange kijiko kikubwa cha mbegu za haradali ndani ya viungo. Harufu haitafika pale pale, lakini itakaribia.

Kuparaza na kuchanganya

Viungo vizima vipashe kwenye kikaango kikavu mpaka vinukie, dakika mbili zinatosha, kisha vitie kinuni. Viparazwe tu, visiwe unga. Chenga zinazobaki zinaachia harufu polepole ndani ya chungu kilichofungwa, ilhali unga laini unaiachia yote mwanzoni na kisha unauma kooni.

Vitunguu maji vikate vipande vyembamba. Hii kazi wape wageni waliotangulia. Mtu aliyekuja na haya ya miaka mingi, hajui aanzie wapi kuzungumza, ukimpa kisu na vitunguu vitano anapata pa kuweka mikono, na machozi yakimtoka hakuna wa kumwuliza.

Vichwa vya vitunguu saumu vimenye utandu wa nje, lakini kichwa kisivunjike. Kata ncha ya juu kidogo tu ili punje zipate mlango.

Sasa kwenye beseni pana: nyama, saumu na tangawizi zilizotwangwa, viungo vyote, mtindi, chumvi, mafuta yaliyopoa. Changanya kwa mkono, ukisugua kila kipande. Ukiwa na mchubuko vaa mfuko wa plastiki mkononi, pilipili haina urafiki. Vitunguu vitie mwisho na uvikande pamoja na nyama mpaka vianze kulegea na kutoa maji. Maji hayo ndiyo utakayopikia. Iache nyama ikae saa moja kwa uchache. Kama umechanganya asubuhi, iweke kwenye friji na uitoe saa moja kabla ya kupika, maana nyama ya baridi kwenye chungu cha moto inaweza kukipasua.

Ratiba

Kwetu inakwenda hivi. Watu wanaitwa saa tisa alasiri. Saa kumi chungu kinaingia motoni. Saa kumi na mbili na robo kinaipuliwa, kinapumzika wakati wenye kuswali magharibi wanaswali, na saa moja usiku kinafunguliwa mbele ya wote. Anayechelewa kwa saa nzima anakuta bado saa tatu za kukaa kabla ya chungu kufunguliwa. Hata mwenye kukwama kwenye foleni hakosi.

Kupanga chungu na kukiziba

Paka samli ndani ya chungu, chini na ubavuni. Tandika majani ya mdalasini chini. Yanakinga nyama isishike. Mimina nusu ya nyama, panga vichwa vya saumu, iliki nyeusi, kijiti cha mdalasini na pilipili kavu, kisha malizia nyama iliyobaki pamoja na kila tone la rojo lililobaki beseni.

Vikombe viwili vya unga wa ngano, kandia maji mpaka upate donge gumu kidogo kuliko la chapati. Liviringe liwe kamba nene, lizungushie mdomo wa chungu, funika kibia na ubane kwa vidole pande zote. Mvuke ukipata upenyo baadaye utauona. Chukua kipande cha unga uliobakiza, kizibe. Kwa hiyo bakiza.

Moto

Jiko likae nje, au barazani penye hewa. Nasema hili kwa uzito hasa kwa walioko nchi za baridi: jiko la mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa, au gereji, linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo inaua watu wakiwa wamekaa wanazungumza.

Chungu hakipendi kushtushwa. Anza na makaa machache yaliyokwisha kuiva, yenye jivu jeupe juu, yaliyotandazwa safu moja. Injika, ukipe dakika kumi kipate joto polepole. Kisha ongeza makaa mpaka usikie nyama imeanza kutokota, baada ya hapo punguza tena. Makaa mawili matatu yapalie juu ya kibia, ili joto lije pande zote mbili. Muda wote uliobaki moto uwe wa kutokotesha tu, na ukiongeza mkaa ongeza ulioiva pembeni, usiurushe mbichi chini ya chungu.

Dakika ishirini za kwanza usikiguse. Baada ya hapo, kila robo saa, mtu mmoja ashike shingo ya chungu kwa vitambaa viwili vizito, vikavu. Vitambaa vibichi vinapitisha mvuke na kukuunguza, na maji yake yanaweza kuupasua udongo wa moto. Kwanza aondoe makaa ya juu kwa koleo, akiinue chungu kidogo, akizungushe kushoto, kisha kulia, mara nne tano, akirudishe. Mwiko hauingii. Nyama za juu zinashuka, za chini zinapanda, vitunguu vinavunjika vyenyewe na kuwa rojo.

Zamu ya kutikisa iwe ya kupokezana. Rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye sekondari, mtu wa maneno machache sana, ndiye aliyejifunza kusikiliza chungu kuliko sisi wote. Anainama, anaweka sikio karibu na ubavu, anatulia, kisha anasema, "Bado, kina maji." Na kweli. Mwanzoni sauti ni nzito, ya mtokoto wa maji mengi. Ikifika kama saa moja na nusu inakuwa nyembamba, kisha ndani yake unasikia vichecheto vidogo vya kukaangika. Maana yake maji ya vitunguu yanaisha na mafuta yamejitenga. Hapo ndipo pishi linapata rangi na ladha yake, na hapo hapo ndipo linapoweza kuharibika. Punguza makaa yabaki nusu, tikisa kila dakika saba nane, na mtu asiende mbali.

Pua pia ina kazi. Saa ya kwanza kinachotoka ni harufu ya kitunguu kibichi. Baadaye inakuja ya saumu iliyoiva, tamu, halafu iliki. Ukinusa kuungua, ipua mara moja, weka chungu kwenye mchanga mkavu au kata, na usikitikise, kwa maana utaichanganya nyama iliyoungua na iliyosalimika. Kiache kipoe kidogo, fungua, hamishia nyama ya juu kwenye sufuria na umalizie humo.

Mbuzi mdogo anaiva kwa saa moja na robo tatu. Wa kawaida saa mbili na robo. Mzee anaweza kudai tatu.

Wasio na chungu wala uwanja

Sufuria nzito yenye mfuniko mzito inafaa, nayo inazibwa kwa unga vile vile. Kwenye jiko la gesi weka tawa la chuma chini ya sufuria ili moto usipige sehemu moja, na gesi iwe ya chini kabisa. Kwenye ovena, nyuzi 150 za Selsiasi kwa saa mbili na nusu. Kama ni chungu, kiingie ovena ikiwa bado baridi. Walioko Leeds, Toronto au penginepo mahali mkaa hauwezekani hawajakosa kitu kikubwa, isipokuwa ule moshi mdogo.

Sufuria ya presha italainisha nyama kwa nusu saa. Rojo litakuwa la maji, vitunguu vitabaki na uchungu wa kuchemka, na wageni wako watakuwa wamekaa nusu saa. Siipendekezi.

Kufungua

Chungu kikishaipuliwa kitaendelea kutokota chenyewe kwa dakika kadhaa, udongo unashika joto. Kipe dakika ishirini au zaidi. Kisha kileteni kati ya watu, ndipo kivunjwe. Gonga unga kwa mgongo wa kisu pande zote, utakuwa umekauka na kuwa wa kahawia. Geuza uso pembeni, inua kibia upande ulio mbali nawe. Utakuta mafuta mekundu yamesimama juu na nyama imerudi chini imezama.

Bonyeza kipande chenye mfupa kwa mwiko. Nyama ikiachana na mfupa bila ubishi, imeiva. Ikikataa, tia nusu kikombe cha maji yanayochemka, kamwe yasiwe ya baridi, funika, rudisha kwenye makaa machache kwa nusu saa. Onja chumvi sasa. Mafuta yakionekana mengi kuliko mnavyopenda, engua sehemu kwa kijiko na uyaweke kwenye chupa; ni mazuri mno kwa kukaangia mayai au viazi.

Kula

Wali mweupe, usiotiwa kitu. Wali wa nazi ninaupenda, lakini nazi na haradali zinagombana mdomoni. Chapati za maji hapana; chapati za kusukuma, ndiyo, na ugali mgumu unakaa vizuri ajabu na rojo hili, waliozoea wajaribu. Kachumbari iwe ya vitunguu, ndimu na chumvi tu. Weka bakuli la mtindi karibu: ukali wa pilipili unayeyuka kwenye mafuta, hauyeyuki kwenye maji, kwa hiyo anayewaka mdomo akinywa maji anausambaza, akila mtindi unapoa.

Mimi napakua kwenye sinia moja, wali chini, nyama juu, na kila mtu anapewa kichwa chake cha saumu. Kishike kwa chini, ukikamue: punje zinateleza nje zimekuwa laini na tamu, unazipaka kwenye tonge. Wasiojua huwa wanakiweka pembeni wakidhani ni kiungo cha kutupa, basi waambie mapema. Mifupa ya uboho apewe aliyesafiri mbali zaidi. Mwachieni aigonge kwenye sinia, asione haya.

Kilichobaki

Hakiachwi chunguni usiku kucha. Hamishia kwenye chombo chenye mfuniko ndani ya saa mbili, kiingie friji, kitakaa siku tatu. Siku ya pili ni kitamu zaidi, viungo vimetulia. Pasha kwenye sufuria kwa moto mdogo pamoja na maji ya moto vijiko vichache, na usikipashe zaidi ya mara moja. Kama kuna mwenzenu aliyeshindwa kuja, mfungie sehemu yake kabla ya kupakua, si kutoka kwenye mabaki.

Chungu kioshe kwa maji ya moto na brashi au jivu laini. Sabuni hapana, udongo unainywa na utaila kwenye pishi lijalo. Kianike juani kinywa wazi siku nzima, na ukikihifadhi usikifunike, kitavunda.